Sketi Tano za Mwaka Mmoja

Muuza mitumba hanunui nguo, huchagua. Robota likifunguliwa alfajiri, kabla ya wateja kufika, mkono wake ndio wa kwanza kuingia. Kwa miaka mingi mkono wangu ulikuwa na kazi moja tu: kutafuta sketi pana kuliko zote. Nikiipata, naisukuma chini ya kiti, wala siitajii bei.

Mwaka niliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito nilivaa sketi tano. Kila baada ya miezi miwili hivi moja ilirudi kwenye kamba, nami nikateremsha ndogo yake. Wateja waliipapasa, wakaomba nipunguze, wakaondoka nayo. Hakuna aliyejua kwamba amebeba mwili wangu wa juzi kwenye mfuko wa plastiki.

Banda langu lipo Owino, Kampala. Kwenye karatasi soko hili ni la Mtakatifu Balikuddembe, mfiadini aliyeuawa hapa hapa Nakivubo mwaka 1885, lakini ukimwambia bodaboda jina hilo atakuuliza, “Owino, siyo?” Vichochoro vyake havimhurumii mtu mnene. Unapita ubavu ubavu, mbele kuna mbeba mizigo anayepiga kelele umpishe, nyuma kuna mwenzake. Nilikuwa na kilo 118, sukari iliyokataa kushuka, na magoti yaliyolia kila nikiinama kuokota nguo. Nilishajaribu kufunga, nikajaribu majani ya kila aina. Kilo zilikwenda matembezini, zikarudi na wageni.

Daktari alinichorea tumbo kama kibuyu, akapitisha mstari. Sehemu kubwa, kama robo tatu au zaidi, itaondolewa. Itakayobaki, akasema, itafanana na ndizi. Nilicheka mpaka akashangaa. Mimi ni mzaliwa wa Bukoba. Tangu niachishwe ziwa nimekuwa nikitia ndizi tumboni. Leo tumbo lenyewe linageuka ndizi!

Wiki mbili kabla ya kisu niliwekwa kwenye mlo mkali, kwa kuwa ini lililojaa mafuta huvimba na kulifunika tumbo, na mpasuaji anahitaji njia. Baada ya kisu, maji kwa kijiko cha chai. Kisha supu iliyochujwa, kisha uji mwepesi, kisha vilivyosagwa, kisha vilaini. Karibu miezi miwili ilipita kabla sijatafuna kama watu wengine. Hata hapo masharti hayakwisha: tafuna mpaka chakula kisahau kilikuwa nini, usinywe maji pamoja na chakula, ngoja nusu saa, ukihisi kubanwa kifuani, acha, hata kama umebakiza tonge moja. Lile tonge moja ndilo lililonifundisha adabu.

Sehemu ya tumbo iliyokatwa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa, grelini. Kwa hiyo miezi ya kwanza njaa ilinihama kama mpangaji anayeondoka usiku bila kuaga. Lakini saa saba mchana mama wa chakula alipopita na beseni lake, mvuke wa majani ya mgomba ukatangulia, mate yalinijaa kinywani. Tumbo halikudai kitu. Ni ile saa iliyodai. Ni majirani wa mabanda waliokuwa wanafunua sahani zao, wakigeuza viti ili tutazamane. Hapo nikatambua kwamba katika kilo zangu 118 nyingi hazikuletwa na njaa. Zililetwa na karibu.

Na karibu ya Kampala ina mpangilio wake. Chakula, *emmere*, ni matoke, posho (yaani ugali), wali, viazi, maboga. Vyote vinaweza kukutana kwenye sahani moja bila kugombana. Nyama, samaki, maharagwe na karanga ni *enva*, sosi, msindikizaji tu. Mama wa chakula anakuuliza kwanza unataka chakula gani, ndipo akuulize sosi gani. Mimi nilirudi kutoka hospitali na amri iliyoupindua ulimwengu huo: protini kwanza, angalau gramu 60 kwa siku, wanga ukipata nafasi. Msindikizaji amekuwa bibi harusi. Nilikuwa naagiza sosi bila chakula, naye ananitazama kama mtu aliyeomba kupanda basi lisilo na magurudumu.

Siku moja niliona haya, nikakubali sahani nzima kama zamani. Mteja Mkongo alikuwa ameshika suruali kumi, tunavutana bei kwa Kiswahili, yeye cha kwao, mimi cha kwetu. Katikati ya mvutano nikakata tonge la posho, nikameza haraka ili nijibu. Lilikwama. Kifua kilibana kana kwamba nimemeza ngumi, mate yakafurika, nikakimbilia mfereji nyuma ya mabanda. Niliporudi mteja hakuwapo, na minong’ono ilikuwa imeshafika mwisho wa kichochoro.

Wengine walisema nina mimba. Wengine hawakusema, na hao ndio niliowasikia zaidi. Nchi hii ina kumbukumbu ya mwili unaokonda. Mwaka 1985 madaktari waliandika katika jarida la Lancet kuhusu ugonjwa mpya uliozuka Rakai, ambao wananchi walikuwa wameupa jina kwa jinsi ulivyowakondesha watu: slim. Mpaka leo Waganda huuita silimu. Kwetu Kagera, walikoonekana wagonjwa wa kwanza Tanzania mwaka 1983, watu waliuita Juliana, jina la vitambaa vya mtindo vilivyovushwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Nilikuwa mtoto. Nakumbuka wakubwa wakimpima mtu kwa macho kanisani, kola ya shati ilivyomzidi shingo. Leo nauza nguo zinazovuka mipaka, na kola yangu ndiyo inayotazamwa.

Kwa hiyo nilipokonda, hakuna aliyenipongeza. Walinihurumia. Mmoja alinipunguzia deni bila kuombwa. Mwezi wa nne nywele zilianza kutoka kwa mafungu, mwili ukilipia kilo zilizoondoka kwa kasi. Daktari alisema zitaota tena, nami nikawa nafunga kilemba, jambo lililothibitisha kila walichodhani. Ningeweza kusema ukweli siku ya kwanza. Sikusema, maana nilijua jibu: umelipa pesa ili usile? Niliona afadhali wanidhanie mgonjwa kuliko waniite mjinga. Ndipo nikagundua kwamba nilikuwa bado nafanya lile lile lililoninenepesha: kula ili fulani asinielewe vibaya, kunyamaza ili fulani asiniseme. Kisu kilikata tumbo, hakikugusa huko.

Ukweli nilianza kuusema kwa mama wa chakula, kwa kuwa yeye ndiye niliyemdanganya kila siku, nikimwaga sahani yake kwa siri. Nilimweleza habari ya ndizi na ya kijiko. Alisikiliza beseni likiwa bado kichwani. Kisha akasema, “Nyabo, mimi nilidhani umechukia mapishi yangu.”

Miezi yote hiyo nilikuwa naificha aibu yangu, kumbe na yeye alikuwa na ya kwake. Sahani inayorudi imejaa ni barua, na mpishi ataisoma apendavyo usipomwandikia nyingine. Kesho yake alileta bakuli dogo la mukene, dagaa wa ziwa, ndani ya mchuzi wa karanga, na kipande cha toke kisichozidi kidole. “Sosi na msindikizaji,” akasema, akageuza majina kwa makusudi. Nilikula dakika 30. Nilimaliza mwisho kuliko wote, na kwa mara ya kwanza nilisikia mazungumzo ya mchana yote, kwa kuwa mdomo wangu haukuwa na haraka.

Leo sukari yangu imetulia na naokota nguo bila kuugulia. Lakini vidonge vya vitamini, madini ya chuma na kalsiamu ni vya maisha, na damu hupimwa kila inapopangwa. Kuna siku za huzuni ambazo zamani ningezimalizia kwenye rolex mbili, zile chapati zinazoviringishwa na mayai. Sasa chapati hainiingii, huzuni imebaki pale pale, yataka nizungumze nayo.

Sketi ya tano niliipeleka kwa fundi wa cherehani upande wa pili wa soko. Ilinipwaya kidogo. Nilimwambia akate kabisa kilichozidi, nimemaliza safari. Alipima kiuno, akakunja kitambaa kwa ndani, akashona juu yake bila kukata.

“Nimesema kata, fundi.”

“Nimekusikia, nyabo. Kiuno si ubao. Naacha akiba.”

Nilikasirika, kana kwamba amenitabiria mabaya. Baadaye nikakumbuka maneno ya daktari: baada ya mwaka wa pili, kwa wengi kilo kadhaa hurudi, ndizi nayo hutanuka ikilazimishwa. Fundi hakunitukana. Alikuwa amewashonea watu wengi kuliko mimi nilivyojishonea mwenyewe.

Naivaa sketi hiyo hadi leo. Ule mkunjo wa ndani haunisumbui nikisimama wala nikitembea. Naukumbuka saa saba mchana tu, ninapokaa, nikaweka bakuli mapajani, ukanigusa kiunoni.