Bwawa Lina Mwenyewe

Wanafunzi wangu na wasomaji wengine wamenizoea nikiandika juu ya bajeti, katiba na mwenendo wa serikali za mitaa. Leo nawaomba radhi, kwani nataka kuandika juu ya shimo nililolichimba nyuma ya nyumba yangu jijini Dar es Salaam. Atakayesoma hadi mwisho ataona kwamba sikwenda mbali sana na mada zangu za kawaida.

Nilitaka bwawa kwa sababu masikio yangu yalikuwa yamechoka. Nilikulia kijijini, kando ya kijito, ambako usiku ulikuwa na vyura. Hapa mjini usiku wangu una jenereta, bodaboda na spika za baa. Nikamwita fundi mmoja mzee, tukapima mita 3 kwa 2, kina sentimita 70. Nilipopiga hesabu nikasita: shimo hilo lingebeba lita 4,200, yaani ndoo 210 za lita 20. Katika mtaa wenye mgao wa maji, ambako wapo majirani wanaonunua maji kwa ndoo, mtu mzima anawezaje kuwapa samaki ndoo 210 za maji ya bomba?

Nikaamua bwawa lijazwe na mvua peke yake. Milimita 1 ya mvua ikiangukia mita 1 ya mraba ya paa hutoa lita 1 ya maji. Paa langu lina kama mita za mraba 80, kwa hiyo milimita 53 za masika zingetosha. Nikafunga magata, na nyuma ya jiko nikaweka pipa la lita 200 la kuhifadhia ziada ya kuongezea maji wakati wa jua kali. Likumbukeni pipa hilo.

Fundi alipomaliza kusakafia alinionya: “Mwalimu, saruji mpya ina ukali. Jaza maji, yaache wiki nzima, mwaga, kisha ujaze tena.” Mimi nilikuwa na haraka kama kiongozi anayesubiri kukata utepe. Siku ya tatu baada ya bwawa kujaa nikatia perege 12. Alfajiri niliwakuta wote wanaelea, matumbo juu. Chokaa iliyomo katika saruji ilikuwa imeyaharibu maji, na mzee yule aliyekomea darasa la saba alikuwa amenieleza hivyo bila malipo. Niliyamwaga maji yale kwenye migomba, nikangoja mvua, nikarudia tena na tena kama nilivyoagizwa. Perege wa awamu ya pili wako hai hadi leo.

Baada ya hapo bwawa likaanza kujiendesha kwa namna ambayo sikuitarajia. Niliotesha yungiyungi moja tu. Kereng'ende wakaja bila kualikwa, na watoto wao, ambao huishi majini, hula viluwiluwi vya mbu. Vyura nao wakafika. Rafiki mmoja aliniletea mmea unaoelea, wenye maua mazuri ya zambarau. Ulikuwa gugumaji, lile lililowahi kuziba mialo ya Ziwa Viktoria. Nikamshukuru, nikaliacha likauke juani. Jioni nilikaa kwenye kigoda na kikombe cha chai ya tangawizi, nikatazama perege wakipanda juu kudaka wadudu, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nikawa sina hoja yoyote ya kumjibu mtu.

Hoja ilikuja na jirani. Ni mama mtu mzima wa nyumba ya pili, anayelea mjukuu wa miaka sita. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, lakini hakukaa.

“Mwanangu,” akasema, “mbu wa dimbwi lako wamemlaza mjukuu wangu. Hospitali wamesema ni dengue.”

Neno dimbwi liliniuma. Nikamjibu kama ninavyojibu ukumbini. Nilimweleza kwamba mbu aenezaye malaria ni tofauti na yule aenezaye dengue. Kwamba huyu wa dengue huuma mchana na hupenda kutaga katika vyombo vidogo, si katika bwawa lenye samaki. Nikaongeza kwamba tangu zamani watu wa Lamu waliweka samaki wadogo ndani ya mabirika yao ili wale viluwiluwi. Kila nililosema lilikuwa kweli. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole: “Mwanangu, mimi sikukuuliza jina la mbu. Nimekwambia mtoto anaumwa.”

Akaondoka. Usiku ule nilisikia vyura, lakini sikupata raha niliyokuwa nimeichimbia shimo.

Kesho yake alifika mjumbe wa serikali ya mtaa pamoja na bwana afya, kijana mwenye upawa mweupe na tochi. Alichota maji ya bwawa pembe zote nne na katikati ya majani ya yungiyungi. Hakukuwa na kiluwiluwi hata kimoja. Nilihisi ushindi, na nakiri kwamba nilitazama upande wa nyumba ya jirani nikitamani awepo aone. Kisha kijana yule akauliza, “Na lile pipa, Mwalimu?”

Pipa lile halikuwa na kifuniko. Alipomulika ndani, maji yalikuwa yanachezacheza kwa viluwiluwi. Visahani vilivyokuwa chini ya vyungu vya maua vilikuwa na hali hiyohiyo, na gata moja lililolegea lilikuwa limetuamisha maji na majani makavu. Nyani haoni kundule. Nilikuwa nimelilinda bwawa kwa elimu yangu yote, na hatua kumi nyuma yake nilikuwa nimefuga mbu.

Njia rahisi ilikuwepo. Ningeweza kusema kwamba hakuna awezaye kuthibitisha kuwa mbu aliyemuuma mtoto alitoka katika pipa langu, na ingekuwa kweli. Lakini nimeishi muda mrefu nikiwakosoa wenye ofisi ambao, wakiletewa kilio, hudai kwanza ushahidi, kisha hutoa semina. Siku ile nilijiona katika kiti chao. Nilikwenda kwa jirani, nikamwambia: “Mama, bwawa halina mbu, lakini pipa langu limejaa mbu. Nisamehe.” Alinyamaza kidogo, akanikaribisha ndani, nikamwona mtoto akiwa amelala, ananyonya chungwa.

Pipa sasa lina kifuniko na wavu. Kila wiki nalimwaga na kulisugua kuta kwa brashi, maana mayai ya mbu huyo hushikamana na kuta za chombo na huweza kukaa pakavu kwa miezi. Bwawa nimelizungushia uzio wa waya wenye lango la komeo, kwa sababu sentimita 70 zatosha kabisa kumzamisha mtoto, na hilo nalo nilipaswa kuliwaza kabla ya yungiyungi.

Lipo lililobaki. Mbele ya nyumba zetu kuna mtaro uliozibika ambao haukauki mwaka mzima. Serikali haiwezi kusema haijui la kufanya. Mwaka 2004 jiji hili lilianzisha mpango wa kudhibiti malaria ambamo wakazi wenyewe walipewa kazi ya kukagua mazalia ya mbu, mtaa kwa mtaa. Na mwaka 2015 kiwanda cha kutengeneza viuadudu vya kuulia viluwiluwi kilizinduliwa Kibaha. Maarifa yapo, na dawa ipo. Lakini kila ukiuliza mtaro ule ni wa nani, unaelekezwa kwenye mlango mwingine.

Sasa naelewa kwa nini neno la jirani liliniuma. Dimbwi ni maji yasiyo na wa kuulizwa. Bwawa ni maji yenye mwenyewe, anayeweza kugongewa mlango na akatoka. Kwa kipimo hicho nilikuwa na bwawa moja na madimbwi matatu ndani ya ua uleule. Jumamosi ijayo, mimi, jirani yangu na mjumbe tutaanza kuzibua mtaro kwa machepe, na barua ya kuuliza mwenyewe ni nani tumekwisha kuipeleka. Mtoto amepona. Huja jioni, husimama nje ya uzio, huhesabu perege, na kila siku hupata idadi tofauti.