Boriti kwa Jicho

Kilichoniudhi Majoreni, pwani ya kusini ya Kenya, si tope. Tope lilinifika magotini na baada ya muda nikalizoea. Kilichoniudhi ni swali la mzee aliyetuongoza mikokoni, kwa sababu hakuna kati yetu, mhadhiri akiwemo, aliyekuwa na jibu la kueleweka.

Siku za mwanzo za upimaji wetu ziliishia kwenye kamba: mraba wa mita 10 kwa 10, na kila mti ndani yake kuandikwa jina, urefu na unene. Saa zetu zilipangwa na maji kupwa, maana bamvua haimngoji mwanafunzi amalize hesabu.

Nilikuwa nazungusha futikamba juu ya mizizi ya mkoko mmoja, mzee akasema, "Hiyo boriti." Kipenyo: sentimita 12. Akasogea mbele. "Hii mazio. Ile pau. Ile kule nguzo, ila imepinda, mnunuzi angeikataa." Tulipima mmoja mmoja, hakukosea hata mti mmoja. Ujanani alikata miti kama hii ikapakiwa majahazini kwenda Arabuni, kabla ya serikali kupiga marufuku biashara hiyo ya nje mwaka 1982. Madaraja ya unene tuliyofundishwa darasani yalikuwa yale yale ya wakata miti.

Tulipoketi kivulini, akauliza: "Wanangu, mwaja, mwapima, mwaandika, mwaondoka. Hayo makaratasi huenda wapi?"

"Maktaba ya chuo, mzee," mhadhiri akajibu.

"Na hiyo maktaba iko wapi?"

"Nairobi."

Mzee akacheka bila ubaya, na kicheko hicho kikanichoma kuliko lawama.

Kaskazini yetu, Gazi, upimaji wa namna hii ulizaa mradi wa Mikoko Pamoja: tangu 2013 wanakijiji huuza kaboni inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko, na fedha zimeleta maji na vitabu vya shule. Kusini, Vanga, Jimbo na Kiwegu wakafuata. Kumbe daftari linaweza kurudi kijijini likiwa na faida, mradi mwenye kuliandika akumbuke mti ni wa nani.

Jioni niliomba tunakili majedwali kwa Kiswahili, tuwaachie wanakijiji. Mhadhiri akakataa: takwimu hazijahakikiwa. Asubuhi ile mzee alikuwa amezihakiki mti kwa mti, na hakututoza hata shilingi.