Meno ya Bibi

Bibi yangu wa Mnyambe, wilayani Newala, alichongwa meno ujanani kwa desturi ya Wamakonde. Uzeeni hakubakiwa na hata moja. Fundi alimtia kinywani uji mzito ulioganda kwa sura ya ufizi, akamimina jasi katika chapa hiyo, akapata taya jeupe, gumu. Juu yake alifinyanga bamba lenye ukingo wa nta. Hapa ndipo uso huamuliwa: nta ikizidi, midomo haikutani, ikipungua, kidevu huikaribia pua. Bibi alipoulizwa apangiwe meno ya namna gani, alinigeukia: “Mjukuu wangu, mwambie ayachonge.” Fundi alicheka. Mimi sikuona kichekesho. Meno ya bandia nayo hukubali tupa, na uso uliokuwa ukipimwa ulikuwa wake.