Kabla ya Tarehe Tisa

Nilipokabidhiwa kazi ya mishahara mwaka 2016, katika ghala moja la Changamwe, NSSF, akiba ya uzeeni, ilikuwa shilingi 200. Tarishi 200, meneja 200, na mwajiri naye akiongeza 200 zake kwa kila mmoja. NHIF, bima ya afya, ilikuwa na jedwali lililoishia 1,700, nami nilikuwa nimelihifadhi kichwani. Mwisho wa mwezi nanakili hesabu za mwezi uliopita, nabadilisha saa za ziada, na chai ya saa kumi hunikuta nimemaliza.

Sheria mpya ya NSSF ya mwaka 2013 ilikuwapo, ila ilikuwa imelala mahakamani. Februari 2023 Mahakama ya Rufaa ikaiamsha: asilimia 6 ya mshahara, isizidi 1,080, na mwajiri alipe vivyo hivyo. Mkubwa wangu alitazama jumla ya upande wake, akavua miwani.

"Kwani hii yanikata na mimi?"

Hapo bado hatujafika kwenye nyumba. Ushuru wa nyumba, asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na 1.5 kwa mwajiri, ulikuwa uanze Julai 2023. Mahakama Kuu ikaisimamisha Sheria ya Fedha iliyouleta. Zuio likaondolewa Julai 28. Sisi tulishalipa watu tarehe 25. Fedha za Julai zilitakiwa kwa watoza kodi wa KRA ndani ya siku tisa za kazi baada ya mwezi kwisha, kwa hiyo kampuni ikatoa mfukoni, nami Agosti nikakata mara mbili. Mwezi ule nilikuwa nikila chakula cha mchana ofisini, mlango nimeurudisha.

Januari 26, 2024 Mahakama ya Rufaa ikakataa ushuru uendelee kukatwa. Madereva walishangilia. Wakasahau, na kusema kweli hata mimi nilikuwa karibu kusahau, kwamba Februari ndiyo zamu ya NSSF kupanda. Dereva wetu mmoja wa mshahara wa 50,000 alirudishiwa 750 za nyumba, NSSF yake ikapanda kwa 1,080.

"Mwanangu, nyumba si wameitoa?"

"Wameitoa, mzee. Hii ni akiba yako ya uzeeni."

"Uzeeni ndiko huku niliko."

Machi 19 Rais Ruto akatia sahihi sheria nyingine, nyumba ikarudi. Oktoba NHIF ikaondoka, ikaja SHIF, asilimia 2.75 isiyo na kikomo. Kufikia Februari 2025 mzee yule, aliyekuwa akikatwa 1,400 za NSSF na NHIF, alikuwa akikatwa 5,125 pamoja na nyumba, kodi kando. Na alikuwa na mkopo wa sacco.

Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato kupita theluthi mbili za mshahara. Yake yalikuwa yamepita. Nikaiandikia sacco; wakakubali kurefusha deni, lakini si kuvuka siku yake ya kustaafu. Tukakaa na kikokotoo, yeye akitaja miezi, mimi nikigawanya, hadi tukapata marejesho yaliyomwachia shilingi 40 juu ya theluthi.