Saa Nzima kwa Wimbo Mmoja

Huku Uingereza nimejifunza kukaa na wimbo mmoja kwa saa nzima, nikimsikiliza mtu akiueleza: nani aliutunga, alikuwa na hali gani nyumbani kwake, nani alishika besi, meneja aliondoka na kiasi gani, na kwa nini watu waliupenda mwaka ule na si mwaka mwingine. Andrew Hickey alianza mwaka 2018 podikasti inayosimulia historia ya muziki wa rock kwa nyimbo 500. Alianzia kwenye "Flying Home" ya Benny Goodman, wimbo ambao wapenzi wengi wa rock hawaujui kabisa, na tangu hapo anasonga mbele hatua kwa hatua. Baadhi ya vipindi vyake sasa vinazidi saa mbili. Navisikiliza kwenye basi nikienda zamu ya usiku, na mara nyingi nashuka kituoni kwangu wanamuziki hata studio hawajaingia.

Upande wa filamu yupo Karina Longworth wa Marekani, ambaye tangu 2014 anasimulia Hollywood ya zamani katika You Must Remember This. Anaandika mwenyewe, anasoma mwenyewe, na ukimsikiliza unatambua mara moja kwamba amekesha kwenye magazeti ya zamani na vitabu vya kumbukumbu. Nyota anayesimuliwa huenda alikufa zamani sana, lakini mikataba yake, kesi zake za talaka na barua alizoandikiana na wakubwa wa studio vimetunzwa. Atakaye kuvisoma anajua mlango wa kugonga.

Nyumbani Tanzania wimbo wa zamani tunautuma zaidi kuliko tunavyoueleza. Mtangazaji wa zilipendwa anataja jina la wimbo, anataja bendi, kisha zinafuata salamu: zimfikie mama mkubwa wa Korogwe, shemeji aliyeko Mwanza, na wote wanaonifahamu. Nimekua na vipindi hivyo na bado nasikiliza kwenye simu, kwa sababu vinafanya jambo ambalo podikasti za huku haziwezi. Wimbo wa Marijani Rajab unatoka redioni ukiwa umebeba majina ya watu walio hai, na msikilizaji wa miaka kumi anaanza kuupenda kwa sababu jina la bibi yake limetajwa kabla ya gita kuingia. Muziki huo haujawa kitu cha makumbusho. Lakini ukimuuliza kijana huyo, akishakua, nani alipiga solo, hana pa kuanzia. Hata mtangazaji mara nyingi hana.

Wenye majibu wapo. Mjomba wangu wa Tanga, niliyemzoeza kunitumia sauti kwa WhatsApp, ni podikasti iliyokamilika isipokuwa jina. Nikimpa shikamoo anaitikia marahaba, anauliza habari za watoto, kisha anaweka simu karibu na redio yake na kuanza. Juzi alikuwa anacheza wimbo wa Morogoro Jazz. Mbaraka Mwinshehe alipoingia na gita, mjomba akasimamisha kanda. "Hapo, mwanangu, ulimsikia? Hakukimbilia. Wenzake wangekimbilia." Akarudisha nyuma, bajaji ikapita nje ikafunika kila kitu, akarudisha tena. Kisha akaingia kwenye habari ya Januari 1979, Mbaraka alipofariki kwa ajali ya gari kule Mombasa, na namna mtaa wao ulivyoipokea. Dakika kumi na mbili zote hizo, hakuna alichoandika popote, na kila alichosema kilikuwa na nafasi yake.

Kuna podikasti nyingine ya Marekani, Song Exploder ya Hrishikesh Hirway, iliyoanza pia 2014. Humo mwanamuziki anaufungua wimbo wake vipandevipande: sauti ya ngoma peke yake, gita peke yake, kisha sauti ya mwimbaji bila chochote nyuma yake, huku akisimulia kila kipande kilivyozaliwa. Nilipoisikia mara ya kwanza nilitamani nyimbo za NUTA Jazz na Mlimani Park zifunguliwe vivyo hivyo. Haiwezekani kwa njia hiyo, na sababu yake inafaa kujulikana. Katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam bendi nzima ilipiga kwa pamoja mbele ya maikrofoni chache huku kanda ikizunguka. Mpiga tarumbeta akikosea, wote wanarudia. Hakuna gita lililorekodiwa kando, kwa hiyo hakuna vipande vilivyohifadhiwa vya kufungua leo. Hiyo ndiyo siri ya ule uhai tunaousikia, watu wanane au zaidi wakipumua chumba kimoja, na ndiyo maana pia mbinu ya Hirway haitatufaa kama ilivyo. Ya kwetu ingelazimika kumketisha mpiga gita aliye hai, kumpa gita mkononi na kumwambia: tupigie sehemu yako peke yake, halafu utueleze uliisikia wapi kwanza. Teknolojia inayotakiwa ni simu moja na chumba kisicho na feni. Kinachozidi kupungua ni hao wapiga gita.

Nikipewa kipindi cha kwanza nitachagua "Sina Makosa" ya Les Wanyika. Kila harusi ya Waswahili niliyohudhuria huku, iwe ya Watanzania, Wakenya au Wakongo, wimbo huo ukipigwa hata waliokwisha kukaa wanainuka. Ni wachache wanaojua ulitoka wapi. Ndugu wawili, Wilson Peter na George Peter Kinyonga, walianzia Tanga katika Jamhuri Jazz, wakapitia Arusha Jazz, na mwaka 1971 wakavuka kwenda Kenya, ambako walianzisha Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wao walijitenga, akiwemo Omar Shabani wa gita la rithimu na Tom Malanga wa besi, wakaunda Les Wanyika. Akajiunga nao John Ngereza, Mtanzania mwingine aliyekuwa akifanya muziki Nairobi. "Sina Makosa" ni utungo wa Omar Shabani.

Sasa weka tarehe hizo kando ya tarehe nyingine. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mwaka huohuo Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa hadi 1983. Kwa hiyo vijana wa Kitanzania walirekodi Nairobi wimbo uliokuja kupendwa pande zote mbili, wakati njia ya kwenda kwao imefungwa kwa amri. Waliwasilianaje na wazazi? Santuri zilipita wapi? Walioko Tanga waliusikia kwa redio ya nani? Hickey angepata humo saa tatu bila kuhangaika. Sisi tumeucheza kwa miaka zaidi ya arobaini bila kuuliza maswali hayo hewani.

Kwenye filamu hali ni tofauti kidogo, na hapa nadhani nyumbani tulitangulia. Longworth anazungumza filamu ikiwa imekwisha. Kwetu mzungumzaji aliingia ndani ya filamu yenyewe. Lufufu wa Dar es Salaam alitafsiri na kusimulia filamu za nje kwa Kiswahili, kanda zake zikachezwa kwenye vibanda umiza, yaani vibanda vya video, nchi nzima. Kenya wanaye DJ Afro. Waliotazama kwa Lufufu wanajua kwamba kutafsiri kulikuwa sehemu tu ya kazi yake. Alimwonya shujaa, akamweleza mtazamaji desturi za Wazungu, akatoa maoni juu ya mke wa adui, akajaza ukimya kwa hadithi yake mwenyewe. Huo ni uhakiki wa filamu kwa sauti, uliofanywa mbele ya watu waliolipa kiingilio na ambao wangepiga kelele kama ungewachosha. Vijana wanaofungua podikasti za filamu Dar na Nairobi leo wana mwalimu wa nyumbani kabisa. Badala yake nawasikia wengi wakiiga hata kicheko cha watangazaji wa Marekani.

Na filamu zetu wenyewe nani atazisimulia? Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa 1968. "Arusi ya Mariamu" ya mwaka 1985, iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge pamoja na Ron Mulvihill, inahusu mwanamke mgonjwa na mganga wa jadi, na ndani yake yumo Amandina Lihamba, ambaye baadaye aliigiza pia katika "Maangamizi" ya 2001. Kila mmoja wa walioshiriki kazi hizo angetosha kwa kipindi kizima. Kabla ya hapo kulikuwa na majumba ya sinema ya Zanzibar na Dar, Majestic, Empire, Avalon, ambako wazee wetu waliiona "Awara" ya Raj Kapoor, wakatoka wakiimba kwa lugha wasiyoijua. Kumbukumbu hizo zimekusanywa vizuri katika kitabu cha Laura Fair, mwanahistoria wa Marekani, kilichotoka 2018. Muziki wa zamani wa taarabu na dansi umechapishwa upya Ufaransa katika mfululizo wa Zanzibara, ulioandaliwa na Mjerumani Werner Graebner. Nawashukuru kwa dhati. Bila wao nisingekuwa na nusu ya ninayoyajua. Lakini kitabu cha Fair kiko kwa Kiingereza, na mzee aliyesimulia kwa Kiswahili hawezi kujisoma humo.

Wapo waliojitahidi nyumbani. John Kitime, mwanamuziki wa Kilimanjaro Band, ameandika kwa miaka mingi kwenye blogu yake habari za bendi na wanamuziki ambazo huzipati kwingine. Mtangazaji Salama Jabir anawapa wageni wake muda wa kuzungumza bila kukatizwa, jambo lililokuwa adimu redioni. Hata hivyo mahojiano mengi ya mitandaoni yanamtafuta msanii wa leo na ugomvi wake wa leo, kwa kuwa huo ndio unaoleta watazamaji. Simlaumu anayetafuta riziki. Nasema tu kwamba mpiga saksafoni wa miaka themanini hana ugomvi wa kuuza, na asipofuatwa na mtu anayempenda hatafuatwa na mtu yeyote.

Waingereza nao walipoteza kumbukumbu zao za sauti. Kipindi cha redio cha BBC, Desert Island Discs, kilianza 1942, na vipindi vingi vya miongo ya mwanzo havikuhifadhiwa. Mwaka 2022 vilipatikana zaidi ya vipindi 90 vilivyodhaniwa kupotea, kwa sababu watu walikuwa wamevirekodi majumbani mwao kutoka redioni. Sisi pia tulifanya hivyo. Kaseti ngapi za Klabu Raha Leo Show, kipindi cha muziki cha Radio Tanzania, ziko uvunguni, zimeandikwa kwa kalamu ya wino jina la bendi na mwaka? Kama nyumbani kwenu zipo, msizitupe, na msizicheze kwenye redio mbovu inayotafuna kanda. Pigeni picha karatasi ya nje, tafuteni fundi mwenye mashine nzima, hamisheni sauti kwenye simu, kisha mketisheni mwenye kaseti aeleze anachokisikia.

Mimi naendelea na mjomba. Jumapili hii ameahidi habari za Tanga enzi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, nani alihama bendi ipi na kwa nini, na nimemwomba aanze na wapiga besi, maana majina yao ndiyo yanayosahaulika kwanza.