Injini ilipata pumzi, watoto wakaikosa

Boksi lilifika Dodoma kwa basi siku ya Alhamisi. Baba wa watoto watatu, mtumishi wa umma anayeishi Nkuhungu, alilifuata mwenyewe stendi ya Nanenane baada ya kazi. Alipolipata aliliweka kiti cha mbele, akalifunga mkanda kama abiria.

Ndani mlikuwa na vipuri viwili vya mtumba kutoka Japani, vilivyonunuliwa Ilala, Dar es Salaam. Cha kwanza kilikuwa throto bodi yenye mdomo mpana kuliko ile ya gari lake. Cha pili kilikuwa plenamu, ile chemba ya alumini ambamo hewa hukusanyika kabla ya kugawanywa kwenda kila silinda.

Gari lenyewe ni Toyota Altezza ya injini ya lita mbili. Alilinunua akiwa kijana, kabla ya ndoa, enzi anaishi Dar. Alipohamishiwa Dodoma, katika wimbi la watumishi lililofuata tangazo la Serikali la mwaka 2016 la kuhamia makao makuu, alikuja nalo. Tangu hapo akawa na lalamiko moja: gari limekuwa zito.

"Huku halipumui," alikuwa akimwambia mkewe.

Hakukosea sana. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko ya Dar. Petroli nayo haiungui peke yake. Kilo moja ya petroli huhitaji karibu kilo 15 za hewa ili iungue vizuri. Hewa ikipungua, nguvu hupungua.

Throto bodi ni mlango wa hewa hiyo. Ndani ina kisahani kinachofunguka kadiri dereva anavyokanyaga pedeli ya mafuta. Plenamu ndiyo kifua. Baba huyu alitaka mlango mpana na kifua kikubwa, na alitaka kuvifunga mwenyewe, nyumbani.

Mkewe, mwalimu wa shule ya msingi, alitaka kujua jambo moja tu: je, pesa ya ada imeguswa? Haikuwa imeguswa. Akanyamaza, tena kwa furaha kidogo, maana alijua kuna sababu nyingine. Mtoto wao wa kwanza, mvulana wa miaka 14, alikuwa ameingia ule umri wa kujibu kwa neno moja. Kwa miezi kadhaa, mazungumzo yake na baba yake hayakuzidi "shikamoo" na "umeshasoma?" Lakini boksi lile lilipofunguliwa mezani, mtoto aliuliza maswali sita mfululizo. Mama aliyahesabu.

Jumamosi ya baba na mwana

Kazi ilianza saa tatu asubuhi, kwenye banda la mabati lililounganishwa na ubavu wa nyumba. Lina ukuta wa tofali pande tatu na geti la bati mbele. Dirisha la chumba cha watoto linafungukia humo humo.

Baba alichomoa waya wa betri, akasubiri injini ipoe kabisa. Kijana alipewa simu apige picha ya kila mpira na kila soketi kabla haijachomolewa, ili wakati wa kurudisha wasibahatishe. Bolti zilipangwa kwenye trei ya mayai kwa mpangilio zilivyotoka. Matundu ya injini yalipobaki wazi, waliyaziba kwa vitambaa safi, maana nati moja ikidondokea humo ni hasara ya injini nzima.

Mama alipita mara mbili. Mara ya kwanza alileta chai. Mara ya pili aliona chupa ya soda yenye petroli ya kuoshea vipuri imewekwa sakafuni, hatua chache kutoka alipokuwa akicheza kitinda mimba wao wa miaka minne. Aliichukua bila kusema neno, akamimina petroli kwenye dumu lake, akalipandisha juu ya kabati. Beseni la maji ya rejeta nalo alilifunika. Alijua kuwa dawa inayochanganywa kwenye maji yale ina utamu, na mtoto akiionja anaweza kurudia.

Kufikia saa tisa alasiri vipuri vipya vilikuwa vimekaa. Kijana ndiye aliyekaza bolti za mwisho, kwa kupishana kama msalaba, ili gasketi ikae sawa. Baba yake alimpiga begani. Mtoto akacheka.

Wakati huo upepo ulikuwa umeanza. Anayeishi Dodoma anaujua upepo wa kiangazi: unabeba vumbi jekundu, unalisukuma hadi ndani ya sahani zilizofunikwa. Walifunga geti la banda ili vumbi lisiingie kwenye injini iliyokuwa wazi mchana kutwa. Sababu ilikuwa nzuri. Kosa ni kwamba geti lilibaki limefungwa walipowasha.

Mluzi

Gari liliwaka, lakini halikutulia. Bila kukanyagwa mafuta, hali ambayo mafundi huiita sailensi, mzunguko ulikuwa juu na injini ilitoa mluzi. Maana yake kulikuwa na sehemu inayovuta hewa ya pembeni, hewa isiyopita kwenye throto bodi. Wakaanza kuitafuta, masikio yakiwa karibu na injini na mikono ikibonyeza mpira mmoja baada ya mwingine. Walizima, wakawasha tena. Zilipita dakika kama 20.

Upande wa pili wa dirisha, kitinda mimba alikuwa amelala. Dada yake wa miaka tisa alikuwa akisoma kitandani. Ni yeye aliyetoka sebuleni akisema kichwa kinamgonga. Mama alimwambia anywe maji. Dakika chache baadaye mdogo aliamka akilia, akatapika, na alipowekwa chini akaonekana mlegevu.

Mawazo ya kwanza ya mama yalikuwa ya kila mzazi wa Kitanzania: malaria, au chakula cha mchana. Lakini wawili kwa mpigo? Alikimbilia bandani kumwita mume wake, akamkuta kijana ameketi sakafuni, ameshika kichwa.

"Zima gari! Baba, zima gari sasa hivi! Watoe nje wote!"

Geti likafunguliwa. Watoto walibebwa hadi chini ya mwarobaini ulio mbele ya nyumba, kwenye upepo na vumbi lake. Jirani mwenye gari aliwapeleka hospitali.

Kipimo cha kidoleni

Hospitalini, muuguzi alimbana mdogo kile kifaa kidogo cha kidoleni cha kupima oksijeni. Namba zilisoma vizuri kabisa. Mzazi anaweza kudhani hapo hatari imekwisha, lakini kifaa kile cha kawaida hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba kaboni monoksaidi. Vyote hukisomekea sawa.

Kilichosaidia ni swali la daktari: "Mama, pole. Kabla hawajaanza kuumwa, nyumbani mlikuwa mnafanya nini?"

Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Hutoka kwenye bomba la moshi la gari, kwenye jenereta na kwenye jiko la mkaa. Ikivutwa, hushikamana na himoglobini ya damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshikamana. Damu inazunguka kama kawaida, ila haibebi kile mwili unachokihitaji. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu na usingizi, dalili zinazofanana kabisa na za homa tulizozizoea. Watoto huwa katika hatari zaidi kwa sababu hupumua haraka kuliko watu wazima.

Gari lile lilikuwa na sababu ya ziada. Miaka ya nyuma, likiwa bado Dar, masega ya kwenye ekzosi yalitolewa ili mlio uwe mzito. Masega hayo ndiyo hubadilisha sehemu kubwa ya kaboni monoksaidi kabla moshi haujatoka. Hata gari lenye masega mazima si salama ndani ya banda, kwa kuwa hayafanyi kazi ipasavyo mpaka yapate joto.

Watoto wote watatu waliwekewa oksijeni kwa barakoa. Mtu akipumua hewa ya kawaida, huchukua saa nne hadi sita kwa nusu ya gesi hiyo kutoka kwenye damu. Kwa oksijeni ya barakoa muda hushuka hadi saa moja au moja na nusu hivi. Usiku huo mdogo aliomba chapati. Mama alilia hapo, si kabla.

Baba alikuwa amesimama ukutani, mikono bado ina grisi. Naye kichwa kilikuwa kimemuuma tangu saa tisa. Alidhani ni njaa.

Mzazi ajue nini

Mafundi wa nyumbani ni wengi, na hakuna ubaya mzazi kushika spana. Ubaya ni kusahau kuwa gereji ya nyumbani ina watoto.

Gari lisukumwe nje ndipo liwashwe. Kufungua geti tu hakutoshi, na dirisha linalotazama linapowashiwa gari lifungwe. Kanuni hiyo hiyo inahusu jenereta. Inahusu pia jiko la mkaa, ambalo katika baridi ya Juni na Julai nyanda hizi za kati baadhi ya familia huliingiza chumbani ili kupata joto. Mkaa uliokwisha kutoa moshi bado unatoa kaboni monoksaidi.

Watu zaidi ya mmoja wakianza kuumwa kichwa au kutapika kwa wakati mmoja ndani ya nyumba moja, mtoke nje kwanza, maswali baadaye. Kisha nendeni hospitali, na mtaje kilichokuwa kinawaka.

Petroli, mafuta ya taa na dawa za kusafishia vipuri visiwekwe kamwe kwenye chupa za soda au maji. Mtoto akinywa, asitapishwe, wala asilazimishwe kunywa maziwa au mafuta ya kula kama wengi tulivyofundishwa. Hatari kubwa ya vimiminika hivyo ni kuingia kwenye mapafu, na kutapika huongeza hatari hiyo. Apelekwe hospitali haraka, pamoja na chupa aliyonywea.

Dunia nayo iliwahi kusahau watoto kwa ajili ya injini. Tangu miaka ya 1920 petroli iliwekwa madini ya risasi ili injini zisigonge, na risasi hiyo ikaishia hewani na kudhuru akili za watoto. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzoni mwa 2006. Algeria, ya mwisho duniani kuiuza kwa ajili ya magari, iliacha Julai 2021. Injini ziliendelea kutembea vizuri tu bila risasi.

Ungeanza na hii

Mluzi ulipatikana wiki iliyofuata, gari likiwa nje: gasketi ya plenamu ilikuwa imejikunja upande mmoja. Baba na mwana walifungua, wakabadilisha, wakafunga upya. Gari likatulia.

Je, lilipata nguvu? Likikanyagwa linaitika haraka kidogo. Mlango mkubwa wa hewa hausaidii sana ikiwa sehemu nyingine za injini zimebaki zilivyokuwa, na hakuna throto bodi inayoweza kuishusha Dodoma hadi usawa wa bahari. Fundi mmoja wa mtaani alipoliona alifungua boksi la ekilina, akaitoa, akaigonga chini. Vumbi jekundu likamwagika kama unga.

"Kaka," alisema, "ungeanza na hii."

Ekilina mpya ilifanya tofauti ambayo hata mama aliihisi akiwa kiti cha abiria. Masega nayo sasa yanatafutwa ili yarudishwe.

Bandani hakuna gari tena. Kuna kamba ya kuanikia nguo, na baiskeli ambayo kijana anaikarabati. Altezza inalala nje, chini ya mwarobaini, inapata vumbi lake. Jumamosi inayopangwa kazi, binti wa miaka tisa hupewa jukumu moja kabla ufunguo haujazungushwa: kukagua dirisha la chumba chao. Asipoitikia kutoka ndani kwamba limefungwa, kaka yake haruhusu gari liwashwe.

Na baba yake, anayesubiri na ufunguo mkononi, habishi.