Kiraka kilichokataliwa

Leo nina kisa cha kompyuta. Usikimbie, ndugu msomaji, hata mimi nilisomea habari, si uhandisi.

Usiku pale ofisini kwetu, wa mwisho kutoka ndiye anazima jenereta. Chukulia kuna ubao mlangoni: ukiingia unaongeza moja, ukitoka unapunguza moja, ikibaki sifuri unazima. Kiini cha Linux, kilichomo hadi kwenye simu za Android, hutunza vitu vyake vingi hivyo hivyo. Kila kimoja kati ya hivyo kina hesabu ya wanaokitumia. Ikifika sifuri kinafutwa. Balaa ni pale mtu anapoingia wakati mwenzake kishasoma sifuri na mkono uko kwenye swichi. Sisi tungepiga kelele gizani. Programu haijui kama ni giza. Inaendelea kutumia nafasi iliyokwisha kupewa mwingine, na mdukuzi akipanga vizuri kitakachokaa pale, simu ni yake.

Sasa, programu za Linux zinaweza kutumiana mafaili yaliyofunguliwa, na kiini kina mfagizi wa yale yaliyokwama njiani. Akikuta faili halishikwi na yeyote isipokuwa ujumbe uliokwama, analitupa. Lakini programu inaruhusiwa kuchungulia ujumbe bila kuuchukua, na kwa kuchungulia tu inapata faili lile. Ikichungulia mfagizi akiwa katikati ya hesabu, basi.

Mwaka 2016 mtaalamu mmoja wa Red Hat aliliona hilo, akaandika hadharani kwa watunzaji wa Linux na kuambatanisha kiraka. Kikakataliwa: ni pendekezo tu, maelezo hayajitoshelezi, hakikusainiwa ipasavyo, wajuzi wengine hawajakiunga mkono. Kusema kweli sababu hizo huwezi kuzipinga. Barua ikabaki mtandaoni, asome atakaye.

Tundu lilizibwa Julai 2021. Baadaye Google ikaeleza kwamba lilikuwa likitumika kushambulia watu. Linaitwa CVE-2021-0920. Na dawa? Mistari miwili: anayechungulia ashike kufuli la mfagizi, kisha aliachie papo hapo. Halindi kitu chochote, anamsubiri tu mfagizi amalize. Maelezo yaliyoandikwa juu ya mistari hiyo ni marefu kuliko dawa yenyewe.

Rafiki yangu mtunga programu alinisimulia haya akicheka. Mimi sikucheka.

Kuna wikiendi moja nilikuwa nimeachiwa dawati la mikoani. Mwandishi wa kujitegemea akatuma aya nne kuhusu daraja la mbao kijijini kwao, kwamba nguzo zimeoza. Hakuna jina la chanzo, hakuna kauli ya mhandisi, picha haionekani vizuri. Nikamrudishia: kamilisha. Nilikuwa sahihi kabisa, mhariri yeyote angefanya hivyo. Hakurudi, nami sikumpigia. Masika yalipofika nikatumwa kuandika habari ya daraja lililosombwa. Ni lile lile. Nilipewa ukurasa wa tatu, na jina langu likakaa juu yake.

Jana usiku nimeitafuta ile barua pepe. Ipo. Chini kabisa aliweka namba ya mwenyekiti wa kijiji, sikuwa nimeshuka hadi huko.